Linh Wachanga, Mwezi Uliorudiwa na Karamu ya Marehemu Luan

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA CHAMA CHA WAPISHI WA KITONGOJI CHA RACH SEN

Tarehe: Siku ya kumi na nne, mwezi wa sita wa pili
Muda: Alasiri, baada ya usingizi wa mchana (kilichelewa kwa sababu Mwenyekiti alilala zaidi ya wenzake)
Mahali: Kibaraza cha Bi. Tham, kwa kuwa ukumbi wa kitongoji umeingia maji

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Khoi – Mwenyekiti
2. Bi. Dao – Mtunza Vyombo na mwalikaji wa wageni
3. Bi. Tham – Mjumbe, mwenye nyumba, mjane wa marehemu Luan
4. Bi. Diep – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Bi. Hanh – Mjumbe. Amejifungua mtoto wa kike. Udhuru ulipokelewa kwa furaha.

KUMB. NA. 1/MM: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwataarifu wajumbe kwamba maji ya msimu yamefika. Wajumbe walishukuru kwa taarifa hiyo, ingawa wote walikuwa wamekuja kwa mtumbwi.

Mwenyekiti aliendelea kueleza kwamba maji ya mwaka huu yana rangi nzuri, nyekundu ya udongo wa huko mto unakotoka, na kwamba samaki aina ya linh wameanza kushuka nayo. Kwa sasa wana ukubwa wa kidole cha mwisho cha mtoto, mifupa yao ni laini, na mtu anawala wazima bila kutema kitu. Hali hiyo haidumu. Mwezi ukipita watakuwa wamenenepa na mifupa imekomaa. Maua ya dien-dien, ambayo ndiyo mwenzi wa linh kwenye supu ya ukwaju, bado yamefumba, hata kwenye ule mti wa nyuma ya nyumba ya Bi. Hanh ambao siku zote una haraka.

Maji yalikuwa yakipita chini ya mbao za kibaraza, na mwanga wake ulikuwa ukicheza juu darini, ukienda na kurudi. Katibu aliweka kalamu chini kwa kuwa hapakuwa na la kuandika, na ilikuwa vizuri tu kukaa.

KUMB. NA. 2/MM: TAREHE YA KARAMU YA MWAKA YA MAREHEMU LUAN

Mwenyekiti alikumbusha kwamba marehemu Luan alifariki mwaka jana, siku ya kumi na nane ya mwezi wa saba, na kwamba chama kiliahidi kupika karamu ya mwaka wake wa kwanza. Aliuliza maandalizi yamefikia wapi.

Bi. Dao alijibu kwamba wageni wote wameshaalikwa kwa ajili ya siku ya kumi na nane, yaani Jumapili hii, na kwamba Nghia, mtoto wa Bi. Tham anayefanya kazi kiwanda cha viatu mjini, ameshapewa likizo na anafika Jumamosi.

Mwenyekiti aliuliza siku ya kumi na nane ya mwezi gani.

Bi. Dao alisema ya mwezi wa saba, mwezi gani tena.

Mwenyekiti alieleza, kwa sauti ambayo Katibu anaiita ya kujizuia, kwamba mwaka huu, kwa kalenda ya mwezi mwandamo, mwezi wa sita umerudiwa ili miezi isiachane na majira. Huu tulio nao ni wa sita wa pili. Wa saba haujaandama. Bi. Dao amewaita watu mwezi mzima kabla ya siku.

Maneno yaliyofuata yanaandikwa yalivyotamkwa, kwa ombi la pande zote mbili.

Bi. Dao: "Jamani! Mimi nilihesabu wa sita umeisha, nikaingia wa saba. Nani anakumbuka kuwa mwezi unarudiwa?"

Mwenyekiti: "Watu wazima wanakumbuka, Dao."

Bi. Dao: "Basi ungenikumbusha, mzee! Umekaa kwako unapiga usingizi, unangoja nikosee ndio uamke."

Mwenyekiti: "Mimi nalala, lakini miezi naijua hata nikiwa nimelala."

Bi. Tham aliwaletea chai. Katibu aliona kwamba alimimina kikombe cha Mwenyekiti hadi kikafurika, na hakuonekana kuona.

Hoja ilisimama hivi. Karamu ikifanywa Jumapili, linh watakuwa wachanga kama marehemu alivyowapenda na mtoto wake atakuwepo, lakini siku si yenyewe. Ikifanywa mwezi wa saba, siku itakuwa yenyewe, lakini linh watakuwa na mifupa, na Nghia atakuwa amerudi kiwandani bila likizo nyingine hadi mwaka mpya.

Mwenyekiti alisema hakuna mjadala. Marehemu anakuja kwa mwezi, haji kwa likizo ya kiwanda. Ukimwita mtu siku isiyo yake, unakaa na chakula mezani na kiti kitupu.

Bi. Dao alisema samaki nao hawasomi kalenda. Wanafuata jua na mvua za huko juu. Mwezi ukirudiwa, wao wanazidi kukua tu.

Mwenyekiti alikiri kwamba hilo ni kweli, kisha akasema halibadilishi kitu.

KUMB. NA. 3/MM: NDOTO YA MJUMBE

Bi. Tham aliomba nafasi ya kuzungumza. Alieleza kwamba amemwota mumewe.

Marehemu alikuwa amekaa pale pale ukingoni mwa kibaraza, miguu ndani ya maji, amempa kisogo. Shati lake lilikuwa lile la bluu lililopauka mabegani. Maji hayakuwa na sauti. Alikuwa akiwaangalia linh wakipita katikati ya vidole vyake vya miguu, wengi, wakimeta. Kisha bila kugeuka akauliza, "Mke wangu, leo tarehe ngapi?" Bi. Tham alianza kuhesabu kwa vidole ili amjibu, na kila akifika kwenye kidole kimoja, hesabu ilipotea, anaanza upya. Aliamka bado anahesabu.

Katibu aliuliza kama ndoto iingizwe kwenye kumbukumbu. Wajumbe walikubali.

Mwenyekiti alisema ndoto hiyo inaonyesha wazi kwamba marehemu anajali tarehe. Bi. Dao alisema inaonyesha wazi kwamba marehemu haijui tarehe, kwa hiyo Jumapili itamfaa tu. Ilionekana ndoto moja imewasaidia wote wawili, na kwa dakika chache wakawa karibu kucheka.

KUMB. NA. 4/MM: MANENO YA MWAKA JANA

Bi. Dao, akiwa bado na tabasamu, alisema jambo ambalo baadaye aliomba radhi kwalo. Alisema: "Mzee Khoi, wewe kwa kungojesha watu hujambo. Hata mwaka jana ulimngojesha."

Mwenyekiti aliweka kikombe chini.

Kwa faida ya Bi. Hanh, ambaye wakati huo alikuwa kwao: marehemu Luan alipokuwa kitandani, linh wa kwanza wa msimu walikuwa wameingia kwenye wavu wa Mwenyekiti. Wawili hao walivua kwenye mtumbwi mmoja tangu ujana wao. Marehemu aliomba apikiwe. Mwenyekiti aliona maua bado yamefumba, na supu ya linh bila maua ya dien-dien kwake si supu. Alimwambia, "Ngoja maua yachanue, nikupikie ya maana." Marehemu alisema sawa, anangoja. Aliaga dunia kabla maua hayajachanua.

Kitongoji kizima kinalijua jambo hili. Halijawahi kutajwa mbele ya Mwenyekiti.

Bi. Dao alisema, "Nisamehe, mzee. Ulimi umeteleza."

Mwenyekiti alisema haukuteleza, umefika ulikokuwa unakwenda.

Ndipo Bi. Tham akasema, na Katibu anayaandika maneno yake bila kuyagusa:

"Kaka Khoi, usijibebeshe peke yako. Ulipotoka siku ile, aliniambia nimkaangie hata wawili tu, na chumvi, basi. Nikamwambia, we Luan, kaka yako amesema ngoja, ngoja basi. Na kikaango kilikuwa jikoni. Tuliomngojesha tulikuwa wawili. Toka siku hiyo linh sijala. Nilisema sili mpaka yeye ale kwanza, siku yake. Sasa mnaniambia siku yake ni lini? Mimi nimechoka kungoja siku nzuri."

Hakulia. Katibu ndiye aliyelia, na anaomba hilo lisamehewe katika ukurasa huu.

Mwenyekiti aliinuka, akashuka ngazi hadi kwenye mtumbwi wake bila kuaga. Wajumbe walidhani amesusa. Bi. Dao alijipiga paji la uso, akasema, "Nimemaliza chama mimi."

KUMB. NA. 5/MM: UAMUZI (bila Mwenyekiti)

Wajumbe waliobaki waliazimia yafuatayo. Jumapili kutapikwa chakula cha nyumbani kwa ajili ya Nghia na wageni walioalikwa, bila ubani na bila kumwita marehemu, kwa kuwa siku si yake. Siku ya kumi na nane ya mwezi wa saba karamu yenyewe itafanywa, kwa linh watakaokuwepo, na mifupa yao. Bi. Tham alisema marehemu akiona mifupa atagombeza, na angependa kumsikia akigombeza. Bi. Dao atapita nyumba kwa nyumba kuwaeleza wageni kosa lake, na aliomba asiulizwe maswali mengi mlangoni.

KUMB. NA. 6/MM: MENGINEYO

Mwenyekiti alirudi. Hakuwa amesusa. Mkononi alikuwa na kikapu kidogo kilichofunikwa kwa jani la ndizi bichi, na ndani walikuwemo linh, hawajazi hata viganja viwili. Alieleza kwamba ni wa kwanza wa wavu wake mwaka huu. Walikuwa kwenye mtumbwi tangu kikao kinaanza, ndani ya maji, chini ya kivuli cha kibaraza. Alitoka nyumbani akiwa amekusudia kuwaleta, na alipofika akakosa pa kuanzia.

Bi. Dao aliuliza, "Na maua, mzee?"

Mwenyekiti alisema, "Hakuna maua. Tunapika hivi hivi."

Alipika mwenyewe, hapo hapo kibarazani, kwenye jiko la mkaa. Katibu anaweka utaratibu kwa sababu hajawahi kumwona akipika kwa namna hii. Alichemsha maji ya dafu moja la mwenye nyumba. Alikamulia ukwaju mbichi, akatia maji ya samaki waliovundikwa kwa chumvi na sukari kidogo, akaonja, akaongeza ukwaju. Badala ya maua, aliinama ukingoni akavuta mabua ya yungiyungi yaliyoota chini ya kibaraza, akayamenya, akayavunja vipande. Vitunguu saumu vilikaangwa pembeni hadi vikawa na rangi ya dhahabu. Linh waliingia mwisho kabisa, wazima, na sufuria ikateremshwa kabla hawajapasuka. Harufu ilitoka ikatanda juu ya maji, na mtu mmoja aliyekuwa akipita kwa mtumbwi aliacha kupiga kasia, akaachia mkondo umpeleke taratibu mbele ya nyumba.

Mwenyekiti alipakua bakuli la kwanza. Bi. Tham alilipokea kwa mikono miwili, akageuka kuelekea madhabahu ya ndani, ilipo picha ya marehemu, kama mtu yeyote wa hapa angefanya.

Mwenyekiti alisema, "Hapana, shemeji. Yeye ana siku yake. Hiyo ni yako."

Bi. Tham alisimama na bakuli, hakwenda mbele wala nyuma.

"Kaa. Kula ikiwa ya moto."

Bi. Tham alikaa. Alichukua samaki mmoja kwa vijiti, akamtia mdomoni mzima, kichwa na mkia, akatafuna akiwa amefumba macho. Wengine hawakugusa mabakuli yao. Jua lilikuwa limeshuka sana, na kibaraza kizima kilikuwa na rangi ya maji.

Mwenyekiti aliuliza kama chumvi imetosha.

Bi. Tham alisema, "Ina upungufu wa maua." Kisha akanyoosha bakuli aongezwe.

KUMB. NA. 7/MM: KUFUNGA

Hakuna aliyetoa hoja ya kufunga kikao. Kiliisha pamoja na supu, sufuria ikiwa tupu na mwezi ukiwa umeshatoka.

Khoi
Mwenyekiti

Diep
Katibu