Mawe ya Kukalia Korongoni

Kwa Baba, Mogogosiek

Baba, natumaini mvua yenu ya kila siku saa nane haijakufungia ndani. Huku korongoni hakuna hata wingu, lakini saa nane ilipofika nilijikuta natafuta mahali pa kujikinga. Mwongozaji wa watalii anayenitembeza alicheka sana.

Nimetangulia kuikagua safari yetu ya Desemba. Kuta za mawe ni nyekundu kama kwenye ile kalenda ya zamani uliyokataa tuitoe sebuleni, na nimeziangalia nikitamani ungekuwa kando yangu. Kila nilipoona jiwe la kukalia, nililijaribu kwanza kwa ajili ya goti lako. Ni tisa, na matano yana kivuli.

Pagumu ni mahali pamoja tu, mteremko mfupi karibu na mwisho. Mwongozaji anasema wazee wenye magoti mabaya wakifika hapo hurudi nyuma. Nikamwambia wangu harudi. Ulikuwa unanibeba mgongoni kwenye matope, kapu la majani chai likiwa kifuani, ili viatu vyangu vya shule visichafuke. Sasa ni zamu yangu, Baba. Wewe utashika shingo tu.

Kijana wako,
Ouma