Mgongo wa Kumbebea Mama

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zako zimefika. Paa halivuji tena, na mpangaji wa chumba cha uani amehama.

Mimi nimeanza kunyanyua vyuma. Usicheke. Mwalimu wa mazoezi aliniuliza nataka mgongo wa namna gani, wa kupendeza au wa kazi. Nikamwambia, "Wa kumwinua mtu kitandani." Akaniondoa kwenye mashine zote. Alinichagulia mazoezi matatu tu: kuinua chuma kutoka sakafuni, kukivuta tumboni nikiwa nimeinama, na kujivuta juu kwenye bomba. Sasa blauzi zangu zinanibana mabegani.

Mama hakutaka ujue, ila miguu yake imekataa kabisa. Siku moja tulianguka wote wawili bafuni, ndipo nilipoamua.

Jana nilimbeba peke yangu hadi barazani.

"Nishushe, mwanangu, mimi mzito."

"Tulia, mama. Nakuweza."

Akalaza kichwa begani mwangu, akasinzia kabla hatujafika kitini. Nikasimama naye vilevile, nisimwamshe.

Njoo, kaka. Kubeba nitabeba mimi; wewe njoo akuone.

Mdogo wako,
Kitindamimba