Safari ya Kasongo Iliyochelewa

Ndola

Mama Mwamini, shemeji yangu,

Pesa unayopokea kila mwezi kwa jina la mume wako Salumu, anayeituma ni mimi. Nimelitanguliza hilo mbele ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka, na unanijua, nikizunguka sifiki. Nyuma ya hilo kuna jambo jingine. Nitalisema kabla karatasi haijaisha. Soma mwenyewe, umekaa, mlango umefungwa. Usimpe mtoto akusomee.

Sasa nikusalimu. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya asubuhi? Mpunga umeota, au ndege wameula tena? Mwamini amejifungua salama? Sisi huku, binti yangu Fatuma ni mzima. Ndiye ananipikia na kunishika mkono nikienda kuoga. Mimi moyo wangu umevimba, hivyo ndivyo daktari anavyosema. Baraza letu lina ngazi tatu, na nikifika ya pili nakaa kwanza. Barua hii ina siku nne mkononi mwangu. Ukiona mistari inateremka, ujue ni mkono tu. Akili ingali nzima.

Yote haya yametoka kwenye kompyuta. Unajua nilikuwa mhasibu wa kinu cha unga hadi nikastaafu, na mhasibu haachi kuhesabu hata akiwa nyumbani. Nina programu ya kuandikia pesa za nyumba: kilichoingia, kilichotoka, na kile unachokiweka kando kwa ajili ya lengo fulani. Lengo unalipa jina na tarehe, na programu inakuchorea kisanduku kinachojaa rangi ya kijani kadiri unavyoweka. Niliinunua miaka kumi na moja iliyopita kwa ajili ya lengo moja tu. Nililiita Safari ya Kasongo.

Mwezi uliopita programu ikaanza kugoma. Inafunguka, inasinzia, inajifunga yenyewe. Fatuma akasema tuhamie toleo jipya.

“Hii ya zamani imekufa, Papa. Hata walioitengeneza hawaiangalie tena.”

Nikamwambia hata mimi haniangalii mtu isipokuwa yeye, na bado nahesabu vizuri. Akacheka. Kisha akanieleza kuwa toleo jipya linalipiwa kwa mwaka. Nikamuuliza kama hawaliuzi kwa mwezi. Hapo hakucheka.

Tulibishana siku tatu. Yeye alitaka hesabu zangu zionekane hata kwenye simu yake, ili siku nikianguka asipapase gizani kutafuta deni la duka la dawa. Alikuwa na haki. Lakini mimi hicho hasa ndicho nilichokiogopa, kwamba ataona. Mwishowe nikachoka kukataa, maana siku hizi hata kukataa kunahitaji pumzi. Wanakupa siku chache za kulijaribu bure, basi tukalijaribu. Fatuma akaketi kando yangu, programu mpya ikaanza kuhamisha vitu vya zamani, na kwa kila lengo ikauliza. Dawa: niendelee? Ndiyo. Paa la jiko: nifute? Futa. Halafu likaja Safari ya Kasongo. Ikaandika kwamba lengo hili limechelewa zaidi ya miaka kumi: niendelee, nibadilishe tarehe, au nifute?

“Papa, safari hii ni ya nini?”

Nikasema nimechoka, tuzime.

Shemeji, wewe ni mtoto wa kabila la Wamaza, umeolewa Kasongo, sina haja ya kukufundisha desturi. Mkubwa wa familia haleti neno zito mikono mitupu. Anakuja na mbuzi, chumvi, vitenge vya wanawake wa nyumba, na pesa yake ya kulisha watu watakaokaa uani. Akija mitupu wanasema amekuja kula. Basi nilipopata neno la kukuletea, sikupiga simu. Nilisema nitakuja mwenyewe, nimejaza mikono, baada ya miezi mitano. Niliandika tarehe kwenye programu. Na ili moyo wako utulie hiyo miezi mitano, nikakutumia pesa kidogo, nikasema Salumu ametuma.

Mwezi wa nne mvua ya mawe ikatoboa paa letu. Nikachukua kwenye kisanduku, nikaandika pembeni: nitarudisha. Baadaye ikawa ada ya Fatuma. Baadaye mke wangu akalazwa, Mungu amrehemu. Kila mara kijani kilipanda, kila mara nikakishusha, na kila mara niliandika neno lile lile. Mwaka mmoja kisanduku kilikaribia kujaa. Ilipungua nauli ya kurudi tu. Nimelifikiria sana jambo hilo siku hizi nne. Mtu mwenye neno kama lile angekwenda bila nauli ya kurudi.

Na wewe ulikuwa unauliza. Mwaka wa pili uliniuliza kwa nini Salumu hapigi simu, nikasema kazi ya msituni, wanapasua mbao mahali pasipo na mtandao. Mwaka wa nne ukaniuliza, sauti yako chini kabisa, kama amepata mwanamke mwingine. Nilikujibu kwamba mambo ya wanaume siyaingilii. Ukaniaga kwa heshima. Katika uongo wangu wote huo ndio ninaouogopa kuliko mwingine, kwa sababu nilijua utaubeba sokoni. Mwamini alinisimulia baadaye jinsi wauza samaki wanavyokucheka: “Bwana yake iko analala mu simu.”

Kabla ya mfungo uliniambia habari za mzee Asumani wa Nyangwe, yule mjane mwenye mitumbwi, kwamba alikuja kwa adabu na mtu wake wa kusema posa, na Baba mudogo wetu akawarudisha akisema wewe ni mke wa mtu, mume wako anakutunza kila mwezi. Uliongea kama unacheka. Ukasema, “Shemeji, umwambie Salumu anirudie ao aniache. Nimechoka kuwa bibi ya simu.” Nikaahidi kumwambia.

Siku moja kabla sijaanza barua hii, Fatuma alirudi kwenye kompyuta. Alikuwa amefikiri. Miaka ile alikuwa shuleni Lusaka, na aliporudi aliyakuta mambo yamekwisha. Alidhani na ninyi mliambiwa.

“Papa, kumbe Mama mudogo Zaina hajue?”

“Hajue.”

“Miaka yote hii?”

Hakunigombeza. Aliizima ile programu mpya kabla haijamaliza kuhamisha, akaniletea karatasi na kalamu, akatoka nje. Kwa hiyo toleo jipya hatukulinunua.

Pesa iliyobaki kwenye kisanduku nimeitoa yote, pamoja na pesa ya mwaka wa programu. Atakuletea Feruzi, mfanyabiashara wa vitenge aliyebeba barua hii: vitenge sita, chumvi, na bei ya mbuzi mmoja. Havitoshi. Lakini sitaweza tena kungoja vitoshe. Pesa ya kila mwezi Fatuma ataendelea kuituma, kwa jina lake mwenyewe.

Nisalimie Mwamini, mwanangu, na mtoto wake mpya. Nisalimie Baba mudogo, mkubwa wetu aliyebaki. Yeye nimemwandikia yake, Feruzi atampa baada ya wewe kusoma hii, si kabla. Nisalimie shehe wa mtaani, na ukimaliza hapa umwite. Atakueleza habari ya eda yako. Kwa elimu yangu ndogo, naona ilipita zamani bila wewe kukaa hata siku moja, na hilo nalo nimekunyima mimi. Mzee Asumani umjibu unavyotaka. Asikuambie tena mtu yeyote kuwa wewe ni mke wa mtu.

Zaina, Salumu hakuwa na mwanamke mwingine. Hakukuacha, wala hakukusahau. Alikufa kwa homa ya siku tatu, miaka kumi na moja iliyopita, hapa Ndola, kwenye kitanda changu. Nilimwosha mimi, na nikamzika mimi.

Ramazani,
kaka wa marehemu