Debe Ambalo Hukulijibu

Mdogo wangu Wambura,

Marahaba. Najua shikamoo hujaituma, lakini nimeitikia kabisa, maana nikikusubiri wewe nitazeeka.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu zako nimezichoka. Juzi ulinipigia kutoka Nyamongo ukaniapia kwamba umeacha, zile video fupi fupi umezifuta zote, sasa wewe ni mtu mpya. Nikataka kukuamini. Kumbe huku unaapa, nyuma ya sauti yako namsikia mchekeshaji mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine. Hata ukitubu, kidole gumba kinaendelea kusukuma. Huna haya.

Na ulikuwa na masikio wewe. Nilikuwa nakubeba mgongoni tukilinda mahindi hapa Robanda, hujui hata kufunga vifungo vya shati, unanigonga bega: "Dada, wanakuja." Mimi sisikii kitu. Baadaye ndipo matawi yanavunjika kule mpakani mwa hifadhi, na tembo hao. Mama akawa anajisifia kisimani kwamba amezaa mlinzi. Nilikuonea wivu, nakwambia kweli.

Sheria ya debe ni mama aliyetufundisha. Anayeona tembo apige, na kila shamba lijibu, ili watu wajue wenzao wako salama. "Mwenzako asipojibu, mfuate," alikuwa akisema. "Huenda ameumia." Hata majirani waliogombana walifuatana kwa sheria hiyo.

Siku ile jua lilikuwa bado halijazama. Wewe ulikuwa kwenye kibanda cha ulinzi upande wa juu wa shamba, mama upande wa chini, mimi nyumbani nasonga ugali. Jirani akapiga debe. Mama akajibu. Wewe kimya. Jirani akapiga tena, kimya. Basi mama akatupa debe lake, akakimbia kuja kwako huku akiita jina lako, na tembo walikuwa katikati.

Nilimkuta amelala kwenye mabua, mguu umepinda vibaya. Nikapanda kibandani nikijua nakuta maiti. Nilikukuta na hedifoni masikioni, unacheka mpaka machozi. Ukaniona, ukainua kidole, ukaniambia, "Subiri dada, inaisha."

Mama hajawahi kukulaumu. Anasema ulikuwa umechoka, anasema ni ujana. Mimi ningekulaani, kama laana ya dada ingekuwa na nguvu. Mguu haukupona, anatembelea magongo, mlangoni na kurudi kitandani. Na wewe, mtoto wa watu, unamtumia vichekesho ili apate faraja! Nimevifuta kabla hajaviona.

Mahindi yamebeba tena na nalinda peke yangu. Usiniletee kiapo, viapo vyako nimevishiba. Ukija, uje na masikio matupu, ukae kibandani mpaka tuvune. Ukiona huwezi, baki huko huko na wachekeshaji wako, nami nitawaambia watu mama alizaa mtoto mmoja.

Lakini kuna jambo hulijui. Kila jioni mama anaketi mlangoni, anageukia njia ya kwenda Nyamongo, anapiga debe mara moja tu. Majirani wameshazoea, wanajua hakuna tembo, anakuita wewe. Akimaliza anatega sikio. Namsikia nikiwa shambani, debe langu liko mkononi, na sijibu. Zamu hiyo ni yako, na siwezi kumdanganya kwamba uko salama.

Anasubiri kidogo. Halafu anavuta magongo yake, anajaribu kuinuka akufuate.

Ni mimi,
dada yako uliyemwambia asubiri.