Redio ya Asajile na Laptopu Yako

Kilombero, 4 Juni. Leo natimiza miezi saba tangu niondoke nyumbani.

Ugonile, mjukuu wangu Tumpe? Mimi mzima, ila mgongo umechoka na miwa. Nimefurahi kusikia bibi yako amepona.

Unauliza ununue laptopu rahisi ya mtu wa mtandaoni, au ile ya duka la hapo Tukuyu, ghali kidogo lakini ina waranti.

Ujanani, mimi na jirani yetu Asajile tulinunua redio wiki moja. Yangu niliipata rahisi kwa mchuuzi. Yake ilitoka dukani na karatasi ya waranti. Nikamcheka: "Wewe umenunua karatasi!"

Yangu ikafa masika yale yale, na mchuuzi sikumwona tena. Yake ilipoharibika, nasema kweli, nilifurahi. Nikamsindikiza dukani nimwone akifukuzwa. Mwenye duka akasoma karatasi, akampa redio nyingine. Njia nzima akaifungulia sauti yote.

"Jirani, sikia karatasi yangu inavyoimba!"

Wivu ule ninao mpaka leo. Wewe ongeza hela, mradi duka unalifikia kwa miguu.

Narudi Desemba, miwa ikiisha. Usimwambie Asajile. Nataka nipite kwake kimya, nisikie kama bado inaimba.