Ford ya Magendo Ghalani kwa Bi Odessa

Jumamosi, 2 Aprili 1977

Nimeiona! Miezi minane nafuatilia tetesi – kila mtu wilayani ana babu aliyebeba gongo enzi za marufuku ya pombe, mwenye gari hakuna. Mawili niliyoonyeshwa yalikuwa uongo mtupu. Moja lilitoka kiwandani miaka minne baada ya pombe kuruhusiwa tena. Hili ni lenyewe. Ford nyeusi ya mwaka 1929, ghalani kwa Bi Odessa Thacker, huku mwisho kabisa wa bonde. Lilikuwa limefichwa nyuma ya marobota ya nyasi kavu. Tumeyatoa mimi na yeye. Ana miaka sabini na moja na ananishinda nguvu.

Springi za nyuma zimeongezwa vyuma, ili gari likijaa mzigo lisichuchumae. Chini ya usukani kuna swichi ya kuzima taa za nyuma. Kiti cha nyuma hakipo. Nilipiga magoti nikanusa sakafu. Bi Odessa akacheka: "Unatafuta tone? Umechelewa miaka arobaini na sita, mwanangu."

Nikampigia Bwana Haynes, mwenyekiti wa bodi ya makumbusho ninakofanya kazi, kwa simu ya hapa. Furaha tele. Onyesho linafunguliwa tarehe 16. Akasema nisirudi bila karatasi ya kukabidhi gari, iwe na sahihi ya mama.

Nirudi wapi! Mvua ya siku nzima, na saa kumi jioni kijito kikabeba daraja. Nimeziona mbao zikienda. Gari langu liko ng'ambo – nililiacha huko nikiogopa matope.

Jumapili, 3 Aprili

Maji yamefika kwenye uzio wa kuku. Nyuma ya nyumba ni mlima, umesimama kama ukuta. Pa kutokea hakuna.

Maharage, mkate wa mahindi, maziwa ya mgando. Asubuhi, mchana, jioni. Nalala chumba cha mbele chini ya picha ya Lon, marehemu mumewe.

Nilimwomba anisimulie Lon alivyokuwa akiendesha. Kalamu tayari mkononi. Akanitazama weee, kisha: "Lon? Lon giza likiingia alikuwa haoni hata pua yake. Dereva nilikuwa mimi."

Msichana wa miaka ishirini na mitano! Anasema alivaa kofia ya Lon, akavuka mpaka wa jimbo mara tatu kwa wiki. "Breki nilizigusa Jumapili tu, nikienda kanisani." Akacheka hadi akakohoa.

Jumatatu, 4 Aprili

Natamani ningeacha kusafisha.

Nilikuwa nafuta mlango wa abiria. Chini ya rangi nikahisi vifundo vinne, mstari mmoja. Nimekwangua kimoja kwa kucha. Madini ya kuzibia bati. Chini yake, tundu la risasi.

Bi Odessa alikuwa amesimama nyuma yangu, sikujua tangu lini. Akakaa juu ya robota akaeleza, sauti ile ile anayoombea chumvi mezani.

Mkuu wa polisi wa wilaya alikuwa akila fedha zao ili afumbe macho. Septemba 1931 akataka zaidi. Lon akakataa. Basi askari wake wakawangoja kwenye kona ya barabara, penye kinu cha kusagia nafaka. Hawakusema simama, hawakupuliza filimbi, walifyatua tu risasi. Lon alikuwa kiti cha abiria.

"Niliendesha maili kumi na moja," akasema, "ameniegemea bega. Namwambia tunakaribia, mpenzi, tunakaribia. Aliacha kujibu pale kwa seremala."

Ripoti ya polisi ikasema gari lilipinduka. "Hebu tazama paa," akaniambia. Nimelitazama. Halina hata bonyeo moja.

Mkuu wa polisi mwenyewe alikuwa Haynes. Baba wa mwenyekiti wangu. Picha yake iko mlangoni mwa makumbusho, na ngazi ya kuitundikia niliishika mimi.

Jumanne, 5 Aprili

Haynes kapiga simu. Simu iko jikoni. Bi Odessa anamenya viazi hatua mbili kutoka kwangu, na laini hii wanachangia na majirani – nasikia mtu akihema humo ndani. Ningesema nini?

"Amesaini?"

Bado.

"Anataka nini?"

Nadhani ana jambo kuhusu maandishi ya kibao kitakachowekwa kando ya gari.

Nadhani anajua. Nadhani amejua maisha yake yote. Akasema polepole kabisa: "Mwahidi chochote, Cleve. Akishasaini gari ni letu, na kibao tunaandika sisi. Wilma hajambo? Nyumba inawafaa?"

Nyumba tunayokaa ni ya makumbusho. Wilma, mke wangu, ana mimba ya miezi saba. Nikasema hajambo, inatufaa, asante sana.

"Ni yeye?" Bi Odessa akauliza, macho kwenye kiazi.

Ndiye.

"Sauti ya baba yake hiyo hiyo. Nimeisikia mpaka hapa."

Jumatano, 6 Aprili

Ametaja sharti lake lote. Mimi niandike, yeye ataje:

Lon Thacker hakufa kwa ajali. Alipigwa risasi na askari wa Haynes. Aliyekuwa anaendesha ni mkewe.

Neno kwa neno, hivyo hivyo kwenye kibao. Niweke sahihi yangu chini, ndipo naye atie yake kwenye karatasi ya gari.

Nilitaka kumwambia alichosema Haynes. Naapa nilitaka. Akasema, "Sina mtoto, Cleve. Nikifa, ya kinu yanakwisha. Wewe una uso wa mtu anayetimiza."

Nimesaini, naye akatia yake. Nimeandika jina langu zima kwa mwandiko mzuri, na hilo ndilo linalonitisha.

Baadaye akanipa kipande kikubwa cha nyama ya nguruwe. Nilikiacha sahanini.

Alhamisi, 7 Aprili

Maji yanashuka. Simu imekufa. Nimepasua kuni ambazo hakuna aliyeniomba nipasue.

Ijumaa, 8 Aprili

Haynes amekuja na lori na wanaume wanne. Tangu saa tatu wanalaza magogo na mbao juu ya kijito. Mimi nimekaa kizingiti cha ghala, naandika.

Bi Odessa kavaa gauni la kanisani. Hataki gari livutwe kwa kamba. Betri walivusha kwa kamba asubuhi, na injini imewaka mara ya tatu! Inakohoa, inatetemeka, lakini iko hai. Amelitoa ghalani mwenyewe mpaka ukingoni. Hakuugusa usukani kama kikongwe.

Haynes yuko ng'ambo, kofia mkononi, mkarimu kupindukia. "Karibu sana, mama! Tutalitunza!"

Naye akatoa kichwa dirishani: "Umeshasoma aliyosaini Cleve?"

"Amesaini nini?"

Bi Odessa amenigeukia mimi. Nilimwona akielewa kwamba Haynes sijamwambia neno – si yote, lakini inatosha. Haynes anaita, "Cleve! Umemwandikia nini huyo mama?" Yule mwanaume wa mbele darajani kaacha nyundo. Sasa wote wameacha.

Bi Odessa amezima injini.

Kijito tu ndicho kinachosikika. Wananitazama wote, pande zote mbili za maji, nami nimeinamisha kichwa, najifanya bado naandika