Sanduku la Mayu

Bariadi, 9 Machi 2008

Mayu, mama yangu,

Mwangaluka. Mvua ipo, na pamba ya babu kule Sapiwi imetoa maua.

Kampuni ya pamba anakofanya kazi baba imenunua kompyuta mpya, akaniletea ile ya zamani. Mwalimu Luhaga amenifundisha kuigeuza seva. Inakaa imewashwa sebuleni, inatupokelea barua pepe hapa hapa nyumbani. Radi zikianza baba anaichomoa, kwa hiyo barua ikikurudia, itume tena.

Jana alinifokea: “Sayi, hako kadude kanakula umeme kuliko pasi! Kanapokea barua za nani?”

“Za watu wa nyumbani, baba.”

“Watu gani? Mbona mimi siandikiwi?”

Mama Precious akacheka, akaifunika kwa kitambaa chake cha kufuma. Chumba chenu wewe na baba anakaa yeye sasa, mayu. Nguo zako zimepelekwa kwa bibi. Sikutaka uambiwe na wengine.

Lakini kwenye seva mwenye kupanga ni mimi. Nimefungua masanduku mawili ya barua, langu na lako. Lako linaitwa generoza, jina lako tu, bila jina la baba. Neno la siri ni jina la yule ng'ombe mweusi uliyempenda. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Nenda kwenye intaneti kafe hapo Mwanza, ufungue. Nakuandikia humo kila nikitoka shule. Nyingine ni za Kiingereza, maana kwa Kiswahili nalia kabla sijamaliza.

Baba hajui kwamba bado unaishi hapa.

Mwanao,
Sayi